Ruzuku ya maziwa Marekani: hulipwi kwa lita

Mkuu, umeuliza kama ni kweli serikali ya Marekani humlipa mfugaji kwa kila lita anayokamua, na mwenye ng'ombe 40 hivi anaambulia nini. Kwa lita, hapana. Mpango mkuu unaitwa Dairy Margin Coverage, uliwekwa na sheria ya kilimo ya 2018, na umekaa kama bima: unalipa pale tu bei ya maziwa inaposogeleana mno na gharama ya chakula cha ng'ombe.

Kila mwezi Wizara ya Kilimo (USDA) inachukua bei ya wastani ya maziwa ya nchi nzima kwa fungu la ratili 100, yaani kilo 45 na kidogo, kisha inaondoa humo gharama ya mahindi, mashudu ya soya na hei ya alfalfa. Mfugaji anachagua kiasi kinachobaki kisishuke chini ya ngapi, kuanzia dola 4 hadi 9.50. Dola 4 haina ada zaidi ya dola 100 za usajili. Kinga ya dola 9 ada yake ni senti 11 kwa fungu, ya 9.50 ni senti 15. Mfugaji mdogo achukue 9.50 tu, senti 4 kwa kinga ya nusu dola zaidi ni bei nzuri sana.

Sasa hesabu yako. Ng'ombe 40 wa kule wanaweza kutoa karibu ratili milioni 1 kwa mwaka. Unaruhusiwa kukinga hadi asilimia 95, kwa hiyo mafungu 9,500, na ada ni dola 1,425. Julai 2023 kilichobaki kilianguka hadi dola 3.52. Upungufu kutoka 9.50 ni dola 5.98, mara mafungu 792 ya mwezi mmoja (9,500 gawanya kwa 12): kama dola 4,730. Ondoa makato ya bajeti ya serikali kuu ya asilimia 5.7, zinabaki karibu 4,460. Mwezi mmoja tu, ada ya mwaka imerudi mara tatu.

Wengi hukwama kwenye hizo bei. Ni za wastani wa taifa, hakuna anayeangalia risiti zako. Mfugaji wa jimbo la Vermont anayenunua mahindi kwa bei ya juu anaweza kupata hasara mwezi ambao mpango haulipi hata senti. Halafu malipo hayafuati maziwa ya mwaka huu bali rekodi iliyosajiliwa. Kuanzia 2026 ni mwaka uliouza mengi zaidi kati ya 2021, 2022 na 2023. Kwa hiyo stakabadhi za kiwandani za miaka hiyo zitunzwe. Ratili milioni 6 za kwanza ndizo zenye ada nafuu (zamani ilikuwa milioni 5). Zinazozidi hapo ada inapanda ghafla na kinga inaishia dola 8.

Usajili unafanyika kwenye ofisi ya kaunti ya FSA (wakala wa USDA unaohudumia wakulima), ndani ya muda uliotangazwa, na huwezi kungoja bei ianguke ndipo ukimbilie. Fomu AD-1026, ya kuhifadhi udongo na ardhi oevu, isipokuwepo kwenye faili, malipo hayatoki. Ukijifunga 2026 hadi 2031 unapunguziwa ada robo, lakini utadaiwa ada kila mwaka, hata mwaka ambao maziwa yana bei nzuri mwanzo hadi mwisho. Anayefikiria kuuza ng'ombe kabla ya 2031 asajili mwaka mmoja mmoja.