Saa unayokimbia ni ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema umejiandikisha marathoni, zimebaki wiki 18, una kazi ya kutwa na watoto wawili, mdogo bado anaamka usiku, na programu uliyoipata inataka mazoezi siku 6 kwa wiki. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe ulipata wapi muda?"

Sikuupata. Niliuchukua kwa watu, na mwaka wa kwanza sikuwaomba.

Wakati ule ulikuwa na miaka 6, nadhani unakumbuka medali tu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nirudi kabla hamjafumbua macho. Nikajiona mjanja: nyumba imelala, kazi haijaanza, nani atalalamika? Kumbe usiku nilikuwa napanda kitandani saa tano, baada ya kufua na kupanga mambo ya kesho yake. Wiki ya tisa ugoko wa kulia ukaanza kuuma, mwanzoni nikishuka ngazi tu, baadaye hata nikiwa nimekaa. Nikanyamaza. Nilipokwenda kwa daktari nikaambiwa mfupa umeingia ufa, nikakaa wiki 8 bila kukimbia. Viatu vyangu hakuvitazama hata kidogo. Aliuliza nalala saa ngapi na naamka saa ngapi, akahesabu kwa vidole, akanitazama.

Jambo hili programu za mazoezi huliandika kwa herufi ndogo. Ukikimbia unauchosha mwili na kuubomoa kidogo, nao hujijenga ukiwa umepumzika, hasa usingizini. Tena haujijengi wote kwa kasi moja. Moyo na pumzi vinazoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo maana wiki ya sita au ya saba utajiona simba, utake kuongeza kilomita, na hapo ndipo wengi huumia. Kwa hiyo usiku ambao mdogo amekuamsha mara tatu, zima kengele ya alfajiri ulale. Mimi baada ya ule ufa nilijiwekea sharti: nisipopata saa 6 kamili za usingizi, asubuhi hiyo sikimbii. Nimelivunja mara chache, na kila mara nililijutia.

Umenitajia Yuki Kawauchi, yule Mjapani aliyeshinda marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2018 kwenye mvua, baridi na upepo wa usoni, huku ni mwajiriwa wa serikali. Ni kweli, na mimi nilimshangilia. Lakini tazama alivyojipanga. Miaka mingi kazi yake ilikuwa ofisini katika shule yenye masomo ya usiku, zamu inaanza mchana na kuisha usiku, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yake. Wanariadha wa kulipwa hukimbia mara mbili kwa siku, yeye kwa kawaida mara moja. Alikimbia pale kazi ilipomwachia nafasi. Na Roger Bannister, kabla hajakimbia maili chini ya dakika 4 mwaka 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari anayefanya mazoezi saa ya chakula cha mchana. (Alikuwa hajaoa bado, hilo nalo tusilisahau.)

Basi usiulize utaongeza wapi saa. Tazama siku yako ilivyo, utafute saa ambayo tayari inapotea. Mimi niliyoipata ilikuwa ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nakaa kwenye foleni ya magari dakika 50 kila jioni, na kutoka kazini hadi mlangoni kwetu ni kilomita 9. Nikaanza kurudi kwa miguu. Jumatatu nilipeleka kazini nguo za siku mbili na taulo, Alhamisi nikatoka na kibegi kidogo chenye funguo na simu tu. Nilifika nyumbani dakika chache tu nyuma ya siku za kawaida, na mazoezi yalikuwa yamekwisha. Kibegi ukifunge mkanda wa kifuani, kikicheza kitakuchubua mgongo.

Siku 6 achana nazo. Kwa hali yako siku 4 zinatosha, ila kila moja uijue inafanya kazi gani. Moja iwe ya kasi: pasha mwili moto dakika 15, kisha dakika 3 za kukaza na 2 za kujivuta, mara 6, umalize taratibu. Chini ya saa moja umerudi. Moja iwe ya kurudi kutoka kazini, polepole. Moja fupi ya Jumamosi. Na moja ndefu.

Ile fupi ya Jumamosi unaijua vizuri kuliko unavyodhani. Unakumbuka baiskeli yako nyekundu? Mimi nakimbia, wewe unapiga pedali pembeni ukinihoji kwa nini mwezi unatufuata na samaki wanalala vipi. Ulidhani nakutembeza. Ulikuwa kocha wangu! Niliposhindwa kukujibu sentensi nzima bila kutweta, nilijua nakwenda kasi kupita kiasi, nikapunguza. Kipimo hicho hakijapitwa na saa yoyote ya mkononi. Kilomita zako nyingi ziwe za namna hiyo, za kuongea. Wakimbiaji wenye kazi na familia hukosea hapo: wana muda mchache, basi wanataka kila mbio iwe ya jasho la kukamua, wanafika siku ya kasi miguu imeshakufa.

Sasa mbio ndefu, maana humo ndimo ndoa huingia.

Mwaka wa pili, ufa umepona, nilikuwa natoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu. Kilomita 28, nikashinda nimejaa furaha. Jumapili moja baba yako, ambaye unajua si mtu wa maneno, akaniambia: "Unasema unatuacha kwa muda wa saa tatu. Mimi nahesabu saa saba." Nikabisha. Akazihesabu. Jumamosi usiku hatukuwatembelea watu kwa sababu nalala mapema. Asubuhi sipo kwa muda wa saa tatu. Nikirudi, saa nzima ya kuoga, kula na kunyoosha viungo. Halafu naanguka kwenye kochi hadi mchana, mwili uko sebuleni, mama wa watoto hayupo. Na muda wote huo yeye yuko na ninyi wawili, hajakaa. Nilikasirika siku nzima, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tulichofanya baadaye hakikuwa cha ajabu. Kila saa niliyotoka, kwa hesabu yake na si yangu, yeye alipata saa yake, na aliitumia atakavyo bila kunieleza. Sikulala tena kochini mchana. Kama nimechoka kiasi hicho, basi mbio ilikuwa ndefu mno. Na sikukimbia mbali kila Jumapili. Wiki moja ndefu, inayofuata kilomita 15 tu, na kila wiki ya nne napunguza kila kitu. Mwili ulifurahi kuliko nilipokuwa najikaza mfululizo.

Makocha wengi husema mbio ndefu isizidi theluthi ya kilomita za wiki. Mtu wa siku 4 hawezi kuitii kanuni hiyo, kilomita 28 zitakuwa nusu ya wiki yake. Kwa hiyo tumia saa badala ya kilomita: ukishakimbia kwa muda wa saa 3 simama, hata kama programu inadai kilomita 32. Baada ya hapo uchovu unaoubeba ni mwingi kuliko faida, na Jumatatu una kazi. Zile kilomita 42 na mita 195 za marathoni hutazikamilisha hata mara moja kabla ya siku yenyewe, na huna haja.

Zitakuja wiki ambazo mpango wote utaharibika. Mtoto ana homa, bosi anataka ripoti, mkeo naye amechoka. Ikibidi kuacha kitu, acha ile fupi kwanza, halafu ile ya kasi. Ndefu iwe ya mwisho kuachwa. Na ukiikosa siku, imekwenda. Usiilipe kesho yake kwa kukimbia mara mbili. Nimeona watu wengi wakiumia kwa kulipa madeni ambayo hakuna aliyewadai. Siku 10 bila kukimbia hazikurudishi nyuma sana. Najua utadhani zinakurudisha, hata mimi nilikuwa nalia.

Wiki 2 au 3 za mwisho unapunguza kilomita ili miguu ipumzike. Watu hutumia muda huo kuhangaika na soksi. Wewe utumie kuwatoa watu wako matembezi, wakuone ukiwa na nguvu.

Utaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu, na zilikuwa zinaniponyoka kila wiki, kwa zamu. Nilichojifunza ni kutoiacha ileile moja iponyoke kila mara, na mwaka ule wa kwanza iliyokuwa ikiponyoka daima ni baba yako.

Kwa hiyo kabla hujabandika ratiba ukutani, kaa na mkamwanangu. Usimwonyeshe ratiba iliyokwisha kuandikwa umwombe baraka. Mwulize kwanza ni saa zipi za wiki ambazo hataki ziguswe, na zake mwenyewe atazitaka lini. Andikeni pamoja, kwa penseli. Kisha niletee tarehe za zile Jumapili ndefu tatu au nne kubwa kabisa. Nitakuja Jumamosi jioni, nilale huko, asubuhi nishike watoto, yeye alale mpaka achoke kulala.

Na mkubwa ameshajua kuendesha baiskeli bila vile vigurudumu vya pembeni?

Ni mimi,
Mama yako