Gharika ya Nabii Nuhu, Atlantis na ushahidi wa wanasayansi: muumini ashike lipi?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Mimi na rafiki yangu tunayeswali naye tumeingia kwenye mabishano makali. Yeye anasema gharika ya Nabii Nuhu (A.S.) ilifunika dunia nzima. Hoja zake ni kwamba mataifa mengi yana hadithi za gharika, kwamba makombe ya baharini yanapatikana juu ya milima, na kwamba palikuwa na ustaarabu mkubwa kama Atlantis uliozama wakati huo, ila wanasayansi wanauficha. Mimi nimesoma jiolojia kidogo na sioni dalili ya maji kufunika dunia yote. Ameniambia nimekufuru. Je, ni kweli? Na inafaa kuitetea Qur'ani kwa hoja za namna hii?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Hujakufuru, ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) amesema mtu akimwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrejea mmoja wao, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Rafiki yako atubie kwa Mola wake, kisha akuombe radhi. Linalomtoa mtu katika Uislamu katika mlango huu ni kukanusha kisa chenyewe: kwamba Nuhu alitumwa, akakaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, akaunda safina kwa amri ya Allah, waliomkadhibisha wakagharikishwa, na safina ikatua juu ya mlima Al-Judi. Hayo yamo wazi katika Sura Hud, Al-Ankabut na Al-Qamar. Ni ardhi kiasi gani iliyofunikwa na maji, hilo ni suala la pili, na wanavyuoni wamehitilafiana.

Ibn Kathir na wengi katika wafasiri wa zamani walishika kwamba maji yalienea ardhi yote. Walitegemea dua ya Nuhu kwamba asiachwe juu ya ardhi hata mkaazi mmoja katika makafiri (71:26), na kauli ya Allah kwamba kizazi chake ndicho kilichojaaliwa kubaki (37:77). Dalili hizo si za kudharauliwa. Lakini Sura Nuh inaanza kwa kusema alitumwa kwa watu wake. Mtume wetu naye, alipotaja mambo aliyopewa yeye peke yake, alisema Mitume wa kabla yake walitumwa kwa kaumu zao na yeye ametumwa kwa watu wote. Tena Allah amesema haadhibu mpaka apeleke Mtume (17:15). Sasa waliokuwa mbali, wasiofikiwa na wito wa Nuhu, wangezamishwa kwa kosa gani? Na Qur'ani inaposema Firauni alijitukuza katika ardhi (28:4), hakuna anayefahamu kwamba alitawala dunia nzima. Ni Misri tu. Wapo pia waliosema wanadamu wote wa zama hizo walikuwa mahali pamoja, kwa hiyo gharika iliwapata watu wote bila kufunika ardhi yote.

Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1899 mpaka alipofariki 1905, aliulizwa swali kama hili. Alijibu kwamba katika Qur'ani hakuna nassi ya kukata inayosema gharika ilienea dunia nzima, na papo hapo akaonya kwamba mtu asiiache dhahiri ya maneno bila dalili yenye nguvu. Mimi naona dalili hiyo ipo leo, na naegemea kauli kwamba gharika ilikuwa ya kaumu ya Nuhu na nchi yao. Anayebaki na kauli ya Ibn Kathir simlaumu, mradi asiwakufurishe wenzake.

Dalili yenyewe nitaieleza kidogo. Ili maji yafikie kilele cha Everest, mita 8,849, yangehitajika zaidi ya mara tatu ya maji yote yaliyomo baharini leo. Najua utaambiwa Allah ni Muweza wa kila kitu, na hakuna Mwislamu anayepinga hilo. Tunachouliza ni kama ametuambia kwamba alifanya hivyo, na kama ardhi yake inashuhudia hivyo. Antaktika wametoboa barafu na kutoa nguzo zenye kumbukumbu ya theluji ya miaka 800,000, na Greenland wamehesabu tabaka za mwaka baada ya mwaka. Bahari ingelipanda juu ya barafu hiyo, ingeielea na kuivunjavunja. Tabaka zimekaa mahali pake.

Na makombe ya milimani? Ni kweli yapo. Karibu na kilele cha Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe vya baharini. Mawe hayo yalikuwa sakafu ya bahari mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, yakanyanyuliwa pale bamba la India, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, lilipoisukuma Asia. Wala fikra kwamba bahari na nchi kavu hubadilishana mahali si bidaa ya Wazungu. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika mnamo 1030, aliyatazama mawe ya mviringo yanayochimbwa katika mabonde ya India. Akaona karibu na milima ni makubwa, kadiri mto unavyokwenda mbali yanapungua, na karibu na bahari yanakuwa mchanga. Akahitimisha kwamba bonde lile lilikuwa bahari, likajazwa kidogo kidogo na mito. Hakuhitaji gharika moja kulieleza, wala imani yake haikutetereka.

Hadithi za mataifa ndizo zenye uzito zaidi katika hoja za rafiki yako, lakini hazisemi analotaka. Mwaka 1872 George Smith, akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Uingereza jijini London, alisoma kibao cha udongo chenye kisa cha mtu aliyeunda chombo, akapakia wanyama, akatoa ndege kutafuta nchi kavu, na chombo kikatua mlimani. Kibao hicho ni sehemu ya kisa cha Gilgamesh, utenzi wa kale wa Babeli, na kuna vibao vya kisa hicho cha gharika vyenye umri wa zaidi ya miaka 3,600. Vyote vinatoka Iraki ya leo. Huko huko, mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimba mji wa Ur mwaka 1929 akakuta tabaka nene la matope ya mafuriko, mita kadhaa, akatangaza kwamba amepata gharika. Baadaye ikaonekana kwamba mji wa Eridu, usio mbali na hapo, hauna tabaka hilo, na kwamba tabaka la mji wa Shuruppak, la takriban 2900 kabla ya Nabii Isa, ni la wakati mwingine. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba tope fulani ndilo la Nuhu. Ninachoweza kusema ni kwamba nchi ya Tigris na Furati ilijua mafuriko ya kutisha, na kumbukumbu ya gharika imekaa humo tangu kale. Mataifa mengine nayo yana mito yao na pwani zao. Tangu barafu kuu ilipoyeyuka, bahari imepanda mita zipatazo 120 na kumeza makazi mengi.

Atlantis ni habari nyingine kabisa. Asili yake ni Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliyeiandika mnamo 360 kabla ya Nabii Isa, na hakuna maandishi ya zamani zaidi yanayoitaja. Mwaka 1882 Mmarekani Ignatius Donnelly aliivumisha upya, akidai hata ustaarabu wa Misri ulitoka huko. Wangelikuwepo watu wenye viwanda na madini miaka 12,000 iliyopita, wangeacha alama. Barafu ya Greenland imehifadhi vumbi la madini ya risasi kutoka migodi ya Warumi. Ya watu wa Atlantis haimo. Göbekli Tepe, Uturuki, ambako nguzo zilisimamishwa miaka 11,000 na zaidi iliyopita, ni ajabu kweli, lakini zana zilizopatikana pale ni za mawe, na mifupa mingi ni ya wanyama wa kuwindwa.

Hapa nasema kwa uchungu. Nadharia hizi zimetumika kuwanyang'anya watu kazi ya mikono yao. Wakoloni walidai Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, ilijengwa na Wafoinike au Malkia wa Sheba, mpaka David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walipochimba na kuthibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika. Mwislamu anayesambaza maneno ya aina hiyo anashiriki dhulma bila kujua.

Madai kwamba wanasayansi wanaficha nayo hayasimami. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alisema katika miaka ya 1920 kwamba sehemu ya mashariki ya jimbo la Washington, Marekani, ilichongwa na mafuriko makubwa ya ghafla. Wenzake walimpinga kwa miongo, kisha ushahidi ukawashinda, na mwaka 1979 wakampa nishani yao kubwa.

Basi haifai kuitetea Qur'ani kwa Atlantis, wala kwa picha za lile jiwe lenye umbo la jahazi karibu na Mlima Ararat, ambalo wanajiolojia wanasema ni umbile la asili. Allah amekataza kufuata usilo na ujuzi nalo (17:36). Na nimewaona vijana walioambiwa kwamba hizo ndizo nguzo za dini; nguzo ilipoanguka, wakaanza kuitilia shaka swala.

Mkitaka kuendelea kujadiliana, shikeni adabu ya Sura Al-Kahf, aya ya 22, ambapo watu walibishana juu ya idadi ya vijana wa pangoni, Allah akaita kubahatisha kwao kurusha maneno gizani, akamwamrisha Mtume asijadiliane nao ila kwa lililo dhahiri. Ukubwa wa gharika uingie katika mlango huo. Na huyo rafiki yako usimhame, endelea kuswali naye.

Wallahu a'lam.