Sangara hafuati minyoo, ndugu yangu

Umesema unatupa mshipi hapo kwenye mawe ya Mwanza, chambo chako minyoo, na unaambulia furu tu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakati unamtaka sangara. Basi hao furu usiwarudishe, ndio chambo chenyewe! Sangara anapenda samaki aliye hai. Kambare mdogo ni bora zaidi, maana hafi haraka. Dagaa akiguswa tu amekufa.

Pitisha ndoano kwenye mgongo wa samaki wa chambo, chini kidogo ya pezi, usiguse uti wa mgongo. Akitundikwa hivyo ataendelea kuogelea na kuhangaika, na huko kuhangaika ndiko kunakomwita sangara. Chubwi, yaani kile kizito cha mshipi, iwe nyepesi, isimlaze chini.

Nenda alfajiri au jua likizama, utupe pale mwamba unapoingia kwenye kina. Maji yaliyotuama yenye magugumaji achana nayo, sangara anataka hewa nyingi majini. Akimeza, mwache avute kwanza ndipo ukaze.

Mashavu yake yana miiba na kingo kali, shika kwa koleo. Aliye chini ya sentimita 50 mrudishe, sheria haimruhusu, na kusema kweli hana nyama ya maana.