Bakteria wa binadamu anahamaje kwa ng'ombe, kuku au sungura? Majibu ya mtu wa maabara

Mleta mada umeuliza bakteria aliyezoea mwili wa binadamu anawezaje kuhamia kwa mnyama na akaleta ugonjwa, na kama ni lazima ipite maelfu ya miaka. Nimefanya kazi maabara ya mifugo, mzigo wetu mkubwa ulikuwa maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele, kwa hiyo naanzia kwenye kile nilichokuwa nakiona kwa macho.

Bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, kwa kifupi stafi, tulikuwa tunakutana naye kila siku. Huyu anakaa puani kwa watu kibao bila shida yoyote, na ni huyuhuyu anayevimbisha kiwele. Sasa ukimuotesha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye damu ya kondoo, wengi wa kutoka kwa ng'ombe wanaweka maduara mawili kuzunguka koloni (kirundo cha bakteria waliozaliana pamoja), la ndani limesafika kabisa na la nje lina ukungu, halafu ukitoa sahani kwenye inkubeta ukaitia kwenye friji lile la nje nalo linasafika. Wale wa puani kwa watu wengi wao hilo duara la nje hawana. Mwanzoni nilidhani ni ubora wa agari tu unatofautiana, kumbe hapo ndo kuna stori yote uliyouliza.

Iko hivi, duara la nje linaletwa na sumu inayoitwa beta-hemolisini. Kwa stafi wa binadamu jeni ya hiyo sumu mara nyingi imekatwa katikati na faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, kimejichomeka kwenye DNA yake palepale. Unaweza kusema amepata hasara lakini hapana, kwa sababu faji kaja na jeni zake: moja inatengeneza protini ya kuzima komplementi (protini za kinga zilizo kwenye damu), nyingine inazifanya chembe nyeupe za damu zisinuse bakteria alipo, na nyingine ni stafilokinasi inayoyeyusha damu iliyoganda. Silaha nzuri sana, ila zimechongwa kwa protini za binadamu, kwa ng'ombe nyingi hazishiki. Kwa hiyo bakteria akishahamia kwenye kiwele, faji hana kazi tena, akichomoka hakuna kinachopungua, na akichomoka vizuri zile pande mbili za jeni zinaungana na beta-hemolisini inarudi. Ndo lile duara.

Na kuna anachookota huko huko. Stafi wa ng'ombe wengi wana sumu nyingine ya kuua chembe nyeupe, inaitwa LukMF', nayo imebebwa na faji mwingine na inalenga chembe za ng'ombe hasa. Pia kipimo chetu cha kawaida cha kugandisha tunatumia plazma (majimaji ya damu yaliyotolewa chembe) ya sungura, lakini ukiamua kuweka plazma ya ng'ombe utaona stafi wa ng'ombe wengi wanaigandisha na wa binadamu wengi wanasuasua, kwa sababu hao wa ng'ombe wana toleo lao la protini ya kugandisha, lililokuja kwenye kipande cha DNA kinachohamahama toka bakteria mmoja kwenda mwingine. Watu wanapenda kusema bakteria "anajifunza". Hajifunzi kitu, wako mabilioni, mmoja kaokota kipande kinachofaa na watoto wake wakajaa, basi.

Kuhusu muda, aisee sio lazima iwe zamani. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba aina fulani ya stafi inayoumiza kuku wa kisasa ilitoka kwa binadamu takriban miaka 40 tu kabla ya hapo. Na kwa sungura ndo utashangaa, utafiti wa 2015 ulikuta herufi moja tu ya DNA kubadilika kwenye jeni ya dltB, inayohusika na uso wa bakteria, inatosha kumfanya stafi wa binadamu aweze kuwapata sungura. Herufi moja! Hapo hakuna faji wala nini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kuna fomula moja ya kuhama mwenyeji, yaani kiumbe ambaye bakteria anaishi kwake, usimsikilize.

Kuna mdau hapo juu kaandika TB ya binadamu ilitoka kwa ng'ombe tulipoanza kufuga. Hata mimi niliisoma hivyo shuleni, lakini jenomu (DNA nzima ya bakteria) ziliposomwa ikaonekana Mycobacterium bovis, yule wa TB ya ng'ombe, amepoteza vipande vya DNA ambavyo yule wa binadamu bado anavyo, na hawa bakteria kuchukua DNA kwa wenzao ni nadra mno, sasa mtoto atakirithi wapi kitu ambacho mzazi hana. Ukoo ni mmoja ila ng'ombe sio mzazi.

Huko kupoteza kumezagaa kuliko watu wanavyodhani. Salmonella Gallinarum anayeua kuku hana hata mikia ya kuogelea, na ndugu yake Salmonella Typhi wa homa ya matumbo ana jeni zaidi ya 200 zilizokufa, zimebaki magofu tu. Binamu zao wanaoingia kwa kila mnyama bado wana jeni hizo nyingi zikiwa nzima. Ukishatupa vitu vyote hivyo unabaki na mwenyeji mmoja, kurudi ni kazi.

Kazi, lakini haishindikani, na mfano ninaoufuatilia ni stafi wa nguruwe anayeitwa CC398. Alianza kwa binadamu akiwa anakufa kwa dawa za kawaida, akahamia kwa nguruwe, akamuacha faji wa binadamu, na huko akaokota usugu wa dawa za tetrasaiklini na methisilini. Anawapata wafanyakazi wa mabanda puani ila kutoka mtu hadi mtu anasambaa kwa shida, ndo maana wengi walimchukulia poa. Sasa wameshaonekana CC398 wa mifugo waliompata tena yule faji wakiwa bado na usugu wao wote, na hao mimi siwachukulii poa hata kidogo.