Umekwama kuandika? Niambie kwanza unamwandikia nani

Kuna kijana wa Malindi kaniandikia juzi, ananiita "dada mwandishi" (nimeipenda hiyo, sikatai), anataka kujua ilhamu naipata wapi na mtu akikwama afanye nini, maana ana hadithi imemgomea katikati tangu Ramadhani. Nilianza kumjibu kwa voisi nikaona inakuwa ndefu, basi naiweka hapa na nyinyi wengine msome, manake najua wengi wenu mna hadithi zimelala kwenye simu.

Hii habari ya ilhamu kwanza. Watu wakisikia mimi ni wa Lamu wanafikiri naamka natazama majahazi halafu maneno yanamiminika tu. Wapi! Bahari tumeizoea. Mimi asubuhi napishana na punda waliobeba mchanga kwenye vichochoro, nafungua duka, nauza vitambaa mpaka adhuhuri. Na humo dukani ndimo yanamotoka mengi, kwa sababu mwanamke akija kuchagua kitambaa cha harusi hanyamazi, atakueleza mpaka alivyogombana na wifi yake mwaka juzi, nawe unapima mita huku masikio yako kwake.

Lakini kusikia si kuandika. Zamani nilikuwa nasikia vizuri kisha nikikaa kuandika nakauka, kwa sababu nilikuwa nawaandikia "wasomaji". Wasomaji gani? Sijui. Nikapeleka hadithi kwa mhariri mmoja huko Nairobi, akaniambia Kiamu, yaani Kiswahili chetu cha Lamu, kimezidi, wasomaji hawataelewa, safisha. Nikasafisha, bibi na mjukuu wake wakawa wanazungumza kama wanasoma taarifa ya habari. Nikarudisha. Mara hii ati haina ladha ya Pwani! Wallahi hivyo hivyo. Nimesamehe, ila sijasahau, na kila nikichapishwa mahali huwa namkumbuka yeye kwanza.

Kilichonifungua ni mdogo wangu wa kike kuolewa. Mama alikuwa ashafariki, na kuna mambo ya ndoa mimi kumwambia uso kwa uso naona haya, yeye pia anaona haya, tukawa tunazungumzia mapazia tu. Basi nikamtungia utenzi. Jamani, sikukwama hata ubeti mmoja! Nilikuwa najua atacheka wapi, najua wapi atasema "aa dada nawe", najua neno gani litamliza kwa sababu lilikuwa neno la mama. Nikausoma kwa simu nikamtumia yeye peke yake. Yeye akampa shangazi, shangazi akautia kwenye grupu la familia, baada ya hapo sijui, mpaka siku moja mteja akanisikilizisha dukani sauti yangu mwenyewe, ananiambia sikiza huyu mama alivyotunga. Jina langu halipo popote. Haukupita muda nikausikia kwenye kesha la harusi, mtu anauimba na kutunzwa manoti na kuitikia akiambiwa ni wake. Sina neno. Ila nalo neno ninalo, tuliache.

Na hili sikulianza mimi. Mwana Kupona wa Pate, kisiwa jirani yetu, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, mwaka 1858 akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi, na mwanzoni kabisa anamwita akae karibu na wino na karatasi. Hakuwa anatafuta tuzo wala wafuasi. Ushauri wake juu ya mume unaweza kubishana nao, mimi nabishana nao sana, lakini huwezi kusema husikii mama anaongea na mtu aliye mbele yake. Beti mia na ushee, zote kwa mtu mmoja, na sisi wengine mpaka leo tunadukiza.

Sasa wewe kijana. Umeniambia hadithi yako ni ya baba aliyeacha uvuvi akaenda kufanya kazi hotelini. Mwandikie baba. Hata kama hamwongei, tena hasa kama hamwongei. Futa yale maelezo yote ya Malindi ilivyo, baba anaijua Malindi. Ukishafuta hayo utaona kilichobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndicho hadithi.

Na usiniletee habari ya kwamba huna kompyuta. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu tangu 1969, akawa anatunga gerezani na kuandika kwenye karatasi za chooni, na 1973 mashairi yale yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Kikaja kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule aliyekuwa akitawala alipofungwa! We una simu na chaji unaniambia mazingira.

Kwa wanaotunga tenzi: mizani nane, yaani silabi nane kila mstari, hesabu kwa vidole huku unatamka, usihesabu kwa macho, macho yanadanganya. Ule mstari wa nne unaobeba kina kimoja mpaka mwisho, kama ndo unaanza upe kina cha a, vitenzi vyetu vingi vinaishia hapo, hutakwama haraka. Na ukimaliza msomee mtu anayefanya kazi nyingine, anayekuna nazi kwa mfano. Akiacha kukuna, umepatia. Akiendelea, rudi ukamwandikie mtu mmoja, sio wasomaji, nimesema.

Halafu jina. Watungaji wa kale walikuwa wanajitaja kwenye beti za mwisho, tukaona ni mambo ya kizee. Mimi sasa jina langu naliweka palepale kwenye kina, anayetaka kulitoa itabidi avunje ubeti mzima na atafute neno lingine, na nawajua hawa, hawana neno lingine.

Swali lako la pesa nimeliona pia. Tutaliongea siku nyingine, kuna mteja.