Ukiuliza kuhusu "wazee", utajibiwa shikamoo

Mara ya kwanza nilipopima mtazamo wa wahudumu wa afya kwa wagonjwa wazee, matokeo yalikuja mazuri mno hadi nikayatilia shaka. Ilikuwa kituo kimoja cha afya kando ya ziwa, huku Mwanza. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa nasomea shahada huku nikiendelea na kazi. Karibu madodoso yote yalirudi na alama za juu. Na siku hiyohiyo, chumba cha daktari, nilimwona babu aliyefika na boti ya asubuhi ameketi kimya huku kijana aliyemleta akiulizwa, "Huyu anaumwa nini?"

Kosa langu kubwa lilikuwa neno moja. Nilitumia kipimo cha mwanasaikolojia Kogan, cha mwaka 1961, chenye sentensi 34: nusu zinawasifu watu wa umri mkubwa, nusu zinawaponda, na anayejibu anaonyesha anakubali au anakataa kwa kiasi gani. Nilikitafsiri mwenyewe usiku mmoja, na kila mahali nikaandika "wazee". Sasa nani atamponda mzee kwenye karatasi? Kwetu mzee ni cheo. Hata bosi wa miaka 35 anaitwa mzee. Watu walijibu heshima waliyofundishwa nyumbani, wala hawakuwa wanadanganya.

Ukikimbilia "vikongwe" unaharibu upande wa pili. Usukumani neno hilo lina kivuli kibaya, maana kuna mabibi waliouawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa jikoni. Nilichokuja kutumia ni "mgonjwa mwenye miaka 60 au zaidi". Ni refu na halina utamu, lakini halimsukumi mtu popote. Umri huo ndio uliomo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na wahudumu wanaufahamu kwa sababu ya msamaha wa gharama za matibabu.

Angalia pia sentensi zenye ukanushi. "Sikubali kwamba wagonjwa hawa hawaelewi maelekezo" ilimchanganya hata tabibu mwenye uzoefu, akaweka tiki kinyume na alichokusudia. Siku hizi namwomba mwenzangu ambaye hajaona dodoso la asili airudishe tafsiri yangu kwenye Kiingereza, kisha tunagombana juu ya tofauti. Ugomvi huo una faida kuliko hesabu zote zitakazofuata.

Madodoso usimpe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ayagawe. Mimi nilimpa, na aliyakusanya kwa mkono, moja moja. Sanduku lenye kufuli karibu na chumba cha chai linatosha, na jina lisiandikwe.

Halafu acha kuuliza maoni matupu. Weka tukio: ni saa nane mchana, foleni ni ndefu, bibi hasikii vizuri na anajibu kwa Kikerewe. Utafanya nini kwanza? Hapo watu walianza kuandika ukweli, kwamba wangemwita mjukuu, au wangempisha mwingine kwanza. Mmoja aliandika kwamba zamu yake iko peke yake na hana dakika za kurudia swali mara tatu. Hilo siwezi kuliita chuki kwa wazee. Ni uhaba wa watu, na dodoso lisilotenganisha mambo hayo mawili litamwonea muuguzi.

Mwisho nilikaa kwenye benchi na wagonjwa wenyewe. Nilimuuliza bibi mmoja kutoka Ukerewe amepokewaje.

"Vizuri, mwanangu. Wameniamkia wote."

"Wamekuambia una ugonjwa gani?"

"Wamemwambia mjukuu."

Swali hilo la pili nimeliingiza kwenye dodoso la wagonjwa, na ndilo ninalolisoma kwanza kila fungu jipya linaporudi.