Patapon 3 chukua, ila usitegemee iwe kama ya pili

Dogo wa Ujiji, unasema umemaliza Patapon 2, ile gemu ya kuongoza jeshi kwa kugonga mdundo, kwenye PSP yako (kile kigemu cha mkononi cha Sony), sasa jamaa wa Mwanga pale Kigoma anakuuzia ya 3 na washkaji wamegawanyika, huyu anasema takataka yule anasema ndo kali kuliko zote. Mi nakwambia chukua, ila ujue unachukua nini.

Ugomvi wote ni jeshi. Kwenye zile mbili unaongoza kundi zima, wa mikuki, wa mishale, wa ngao, ukigonga pata pata pata pon wanakuitikia kwa kuimba huku wanasonga wote, raha yake ndo ile. Ya 3, iliyotoka 2011, wamekata hiyo, unabaki na shujaa wako na wenzake watatu, kazi ni kuokota silaha na kupandisha levo, unarudia misheni ileile mpaka kidole gumba kinauma. Waliozoea jeshi walinuna na siwalaumu kabisa.

Ila mdundo ni uleule, kitufe cha mraba ni pata, cha duara ni pon, ukichelewa kidogo tu fiva (ule mzuka wanaopata ukigonga mfululizo bila kukosea) inakatika. Ukiwa peke yako ni ngumu aisee, so kabla hujalipa tafuta wenzio wenye PSP na gemu hiyohiyo, zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila bando, mnapiga misheni pamoja mpaka wanne. Na vaa earphone bwana, kwa kelele za bodaboda pale Mwanga spika ile husikii kitu. Ukikosa watu, mkomalie jamaa ashushe bei.